Tusekile na Ukurasa wa Funza

Neli alikuwa mfinyanzi. Aliishi katika kijiji cha Wakisi, pale ambapo milima inashuka mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa na mahali pa kulima ni padogo. Watu wa huko waliishi kwa samaki na vyungu. Neli alifinyanga. Mumewe, Yotamu, alipakia vyungu kwenye mtumbwi, akavipeleka kwa watu wa bondeni, akarudi na mpunga na ndizi. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, na misheni ilikuwa imekwisha kufungua shule kijijini.

Binti yao Tusekile alisoma katika shule hiyo. Mwalimu Andrea alimwazima kitabu kidogo chenye picha. Hakikuwa kitabu cha sala wala cha nyimbo. Kiliwaeleza watoto habari za wanyama, mimea, udongo na magonjwa, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwa Neli haikusemwa sana. Kila alasiri Tusekile aliketi karibu na mama yake na kusoma kwa sauti, huku mama akisugua chungu kwa kokoto mpaka king'ae.

“Kiboko ni mnyama mkubwa. Mchana hukaa majini. Usiku hutoka kula majani.”

Alisoma mbio, bila kupumzika. Jirani waliacha kazi zao wakaja kumsikiliza.

“Neli, umezaa mwalimu!” walisema.

Neli hakujua hata herufi moja. Aliinamia chungu chake ili wasimwone anavyotabasamu.

Siku moja Tusekile alikuwa anasoma habari za kiboko kama kawaida. Neli akainua macho, akaiangalia picha. Miguu ya kiboko ilikuwa juu.

“Mwanangu,” alisema, “mbona kiboko wako leo amelala chali?”

Tusekile alikigeuza kitabu upesi.

Neli alijifuta udongo mikononi. Akaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa. “Hapa panasemaje?”

“Kiboko ni mnyama mkubwa…”

“La. Hapa tu, penye kidole changu.”

Tusekile aliinamisha kichwa. “Sijui, mama. Shuleni mwalimu anasema, nasi tunasema pamoja. Nimeyashika yote kichwani.” Akaanza kulia.

Yotamu alikuwa amelala ndani, akasikia kila neno. Wakati huo hakuwa mtu wa kusema naye. Funza walikuwa wameingia katika vidole vya mguu wake. Funza ni kiroboto mdogo sana wa mavumbini. Huingia kwenye ngozi na kutaga mayai humo. Wazee walisema kwamba zamani mdudu huyo hakuwako huku. Yotamu aliwachokonoa kwa mwiba, na sasa mguu umevimba, hawezi kuukanyagia. Vyungu vilijaa uani bila mtu wa kuvipeleka, na mpunga ulikuwa umebaki chini kabisa ya kapu.

“Kumbe tumefuga kasuku!” alisema kwa ukali. “Basi, shule imekwisha. Kuanzia kesho abebe vyungu kichwani pamoja nawe, mpite njia ya nchi kavu.”

Neli hakubishana naye. Alimjua mumewe: maumivu ndiyo yaliyokuwa yakisema. Alijitwika mtungi kama anayekwenda kuteka maji, akaenda kwa Veronika, mke wa mwalimu Andrea. Veronika alijifunza kusoma akiwa tayari mama wa watoto.

“Ugonile, dada,” Neli alimsalimu. Kisha akamweleza yote.

Veronika alicheka kwa upole. “Usimpige mtoto.”

“Sikuja kuuliza kama nimpige. Nimekuja kuuliza tufanyeje.”

“Hata mimi nilianza hivyo hivyo. Kukariri si kosa, ila asiishie hapo. Kitabu kile si wimbo, Neli. Kinaeleza vitu vilivyopo. Basi akisome karibu na vitu vyenyewe. Akisoma habari za udongo, ashike udongo. Wewe mwulize: neno hilo liko wapi? Maana yake ni nini kwa lugha yetu? Je, ni kweli, umeona?”

“Mimi nisiyejua kusoma?”

“Kuuliza hakuhitaji herufi.”

“Na akikwama?”

“Msubiri. Anayekariri hakwami. Anayesoma hukwama, kisha huendelea.”

Alasiri hiyo Veronika alikuja mwenyewe. Alimkalisha Tusekile penye rundo la udongo, akaifunika picha kwa kiganja chake. Akamwonyesha neno moja, kipande kwa kipande.

“U…” alisema Tusekile. “U… do… ngo.” Akaangalia mikono ya mama yake. “Udongo! Mama, ni udongo huu huu!”

Alichukua kijiti, akaliandika neno hilo ubavuni mwa chungu kibichi. Herufi zilikwenda upande kama mlevi. Neli alimkumbatia kwa viwiko, maana mikono ilikuwa imejaa matope.

Yotamu alitazama kutoka mlangoni. “Neno moja halipeleki vyungu sokoni,” alisema. Lakini asubuhi, Neli alipomwomba amwache mtoto shuleni kwanza mpaka mguu upone, alikubali kwa kichwa.

Tangu hapo usomaji wa nyumba ile ulibadilika. Ulikuwa wa polepole, na jirani hawakuja tena, kwa sababu haukuwa mtamu masikioni. Tusekile alisoma habari za chura, kisha wakaenda kumtafuta chura kwenye matete. Alisoma kwamba muhogo mwingine una sumu, na mama akamwambia, “Hilo ni kweli. Bibi yako aliuloweka kwanza.”

Siku moja Tusekile alifunua ukurasa ambao darasa halikuufikia bado. Aliutazama muda mrefu. Kisha akakichukua kitabu mpaka kitandani kwa baba yake.

“Baba, hapa pameandikwa fu… funza.”

“Nani amekufundisha ukurasa huo?”

“Hakuna mtu. Hatujaufikia.”

Yotamu aliinuka kwa kiwiko. “Soma.”

Alisoma, akikwama, akirudi nyuma. “Funza hu… hupenda vu… vumbi kavu. Fagia nyumba kila siku. Nyu… nyunyiza maji sakafuni. Usilale pamoja na mbuzi. Usimtoe funza kwa mwiba wala kwa kitu ki… kichafu.” Hapo alisimama, akamtazama baba yake.

“Endelea,” alisema Yotamu taratibu.

“Choma ncha ya sindano motoni. Mtoe funza mzima. Usi… usipasue mfuko wake wa mayai. Kisha osha kwa sabuni na maji safi.”

Neli alisimama mlangoni. “Maana yake ni nini kwa lugha yetu?” aliuliza, kama alivyozoea. Tusekile akaeleza yote tena kwa Kikisi, na hakukosea.

“Je, ni kweli?” aliuliza Neli.

Yotamu ndiye aliyejibu. Alitazama mguu wake, akatazama mbuzi aliyefungwa pembeni mwa kitanda, akatazama vumbi la sakafu. “Tutajua,” alisema. “Mtoeni huyo mbuzi nje.”

Veronika alileta sindano na kipande cha sabuni. Sindano ilichomwa motoni, ikapoa. Aliwatoa funza mmoja mmoja, taratibu, bila kuwapasua, akawatupa motoni. Yotamu aliuma meno, hakulia. Mguu ukaoshwa, ukafungwa kitambaa safi, na kila siku Neli aliuosha tena. Tusekile alifagia na kunyunyiza maji asubuhi. Sakafu ikakandikwa upya kwa udongo wa mama, laini, bila ufa.

Uvimbe ukashuka. Yotamu akaanza kutembea kwa fimbo, kisha bila fimbo. Jirani waliokuwa na funza walikuja kuuliza, nao wakawatoa mbuzi wao nje.

Asubuhi moja ziwa lilikuwa shwari. Yotamu aliusukuma mtumbwi majini, umejaa vyungu vilivyofungwa kwa majani ya migomba. Wenzake katika mitumbwi mingine walikwisha kuanza kupiga kafi. Tusekile alishuka ufukweni na kitabu chake, akienda shule.

“Ndaga fijo, mwanangu,” baba yake alimwambia. Hakuwa amewahi kumshukuru hivyo. Kisha akauliza, “Kitabu chako kina habari za upepo wa ziwani?”

“Zimo, baba. Ila sijazisoma bado.”

“Zisome.”

Tusekile alifunua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. “U… upe… upepo wa…” Akakwama.

“Yotamu, twende!” wenzake waliita kutoka mbali. “Jua linapanda!”

Yotamu aliushika mtumbwi kwa mkono mmoja, maji yakimfika magotini, akauzuia usiondoke.

“Ngojeni,” alisema. “Mtoto anasoma.”