Umeme wa Sweta

Mwaka 2006, Yunusi na mkewe Zaina walikuwa na chumba kimoja cha kazi karibu na soko la Nachingwea. Zaina alishona nguo upande wa dirisha. Yunusi alitengeneza redio upande wa ukuta. Cherehani inalia huku, redio inakoroma kule, na wenyewe wanataniana kutwa nzima.

Yunusi alikuwa fundi hasa. Watu walitoka Nambambo, wengine hata Nanganga, kumletea redio zao. Yangu aliitengeneza mara mbili, na mara ya pili kosa lilikuwa langu, niliimwagia uji.

Kisha zikaja simu za mkononi. Yunusi alizifurahia, na alizipa heshima kubwa.

"Hiki si kitu cha kufungulia vumbini," alimwambia Zaina.

Akatandika zulia la nailoni chumba kizima. Mezani akaweka kitambaa cha nailoni. Wateja wakaambiwa wavue viatu mlangoni. Yeye mwenyewe alitembea na soksi tu. Akishafungua simu, aliipangusa ndani kwa kitambaa laini cha nailoni, akaihifadhi katika mfuko wa plastiki. Tena ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi kuna baridi, na upepo ni mkavu. Kwa hiyo alivaa sweta zito la mtumba, la nailoni vilevile. Nasema kweli, palikuwa pasafi kuliko ofisini kwangu.

Basi simu zikaanza kufa.

Ya kwanza ililetwa kwa sababu kitufe kimoja hakibonyezeki. Kitufe kikapona, simu ikazima moja kwa moja. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Mama Scholastika, mjane wa Nambambo. Binti yake yuko Dar es Salaam, na simu ile ndiyo ilikuwa njia yao ya kusikilizana.

"Nimekuletea simu inaita, ila sauti ndogo," alisema Mama Scholastika. "Unanirudishia kigae!"

"Mama, wallahi sijui imekuwaje."

"Hujui? Fundi gani hajui? Umetoa vitu vizima, umeweka vibovu!"

Neno lile lilitoka mle chumbani likaingia sokoni. Siku mbili hazikupita, kila mtu anasema Yunusi anaiba vipuri. Watu wana maneno, jamani! Hata wale aliowatengenezea redio bure walipita mlangoni wakitazama pembeni. Yunusi aliacha kutania.

Mwisho mwenyekiti wa soko, Mzee Lukumani, alimwita.

"Ijumaa baada ya swala utakuja kwangu," alisema. "Utaapa mbele ya watu kwamba hukuchukua kitu katika simu hizi, na hukuziharibu. Ukiapa, maneno yamekwisha. Ukishindwa, utafunga kibanda chako."

"Nitaapa, mzee," alijibu Yunusi. "Roho yangu nyeupe."

Siku ya Alhamisi alikuja mteja wa Zaina. Jina lake Dionisia. Alikuwa fundi wa redio za upepo, zile ambazo zahanati hutumia kuita gari la wagonjwa. Alitoka kufunga moja huko Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, na zipu ya ovaroli yake ilikuwa imekatika.

Alipokuwa akingoja, jua lilipanda. Yunusi akaona joto, akavua sweta. *Tatatata!* Sweta lilialika. Kisha akanyoosha mkono achukue bisibisi ya chuma. Akashtuka, akauvuta mkono.

"Mwe! Hata bisibisi inanichukia," alisema kwa uchungu.

Dionisia alisimama. Aliangalia zulia. Akaangalia soksi, kitambaa cha meza, na mifuko ya plastiki.

"Kaka Yunusi, samahani. Simu zako zinakufa?"

Zaina alisimamisha cherehani. "Dada, nani amekwambia?"

"Hakuna. Naona tu chumba."

Akachukua kalamu ya plastiki, akaisugua kwenye lile sweta. Akaisogeza karibu na vipande vya nyuzi vilivyodondoka chini ya cherehani. Nyuzi ziliruka zikang'ang'ania kalamu.

"Aka!" Zaina alishangaa.

"Huu ni umeme," alisema Dionisia.

"Umeme gani?" aliuliza Yunusi. "Mimi sijashika waya wowote."

"Haupiti kwenye waya. Vitu viwili vikisuguana, umeme unakusanyika juu yake na kukaa hapo. Nailoni na plastiki ndizo hodari kwa hilo, hasa hewa ikiwa kavu kama sasa. Soksi yako inasugua zulia. Sweta linasugua shati. Umeme unakaa mwilini mwako unangoja njia. Ukigusa chuma, unaruka wote kwa mara moja. Ndio uliokushtua."

"Mbona ni kidogo tu?"

"Kwako kidogo. Ndani ya simu mna vidude vyeusi, na ndani yake mna njia nyembamba kuliko unywele, nyembamba mno. Umeme huo ukipita, zinaungua. Na ule usioushtukia kabisa, huo nao unaua. Huoni moshi, husikii harufu."

"Lakini redio sikuwahi kuua hata moja!"

"Redio za zamani vipuri vyake vinene, vinavumilia. Simu haivumilii."

Yunusi alikaa chini. Alitazama kile kitambaa laini cha kupangusia.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema polepole. "Kila nilivyozitunza, ndivyo nilivyoziua."

"Hukujua, kaka."

"Sikujua. Lakini ni mimi."

Mchana ule ule walikunja zulia. Dionisia alimwonyesha kazi upya. Meza ibaki mbao tupu. Sakafu inyunyiziwe maji na kupigwa deki. Fundi avae shati la pamba. Kabla ya kufungua simu, atoe betri. Bodi ya simu ashike pembeni, asiguse vidude. Ya kuhifadhi aifunge kwa karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, si kwa plastiki.

Kisha alichomeka nondo fupi nje ya ukuta, mahali penye unyevu wa maji ya kuoshea. Akaunga waya mwembamba kutoka kwenye nondo hadi mkononi mwa Yunusi, ukaishia kwenye bangili ya shaba. Katikati akaweka rezista kubwa, kipuri cha kupunguza nguvu ya umeme, ya megaomu moja.

"Umeme wa mwilini utashuka ardhini taratibu," alisema. "Hiyo rezista usiitoe, ni usalama wako. Waya huu usiuchomeke kwenye soketi ya ukutani hata siku moja. Na ukifungua kitu kilichounganishwa na umeme wa nyumba, bangili uivue kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada fundi."

Alipoondoka, Zaina alimgeukia mumewe. Alikuwa na hofu.

"Kesho utaapa nini?"

"Kwamba sikuiba."

"Na kule kuharibu?"

Yunusi aliivua bangili, akaiweka mezani.

"Baba Harithi, nisikilize. Hukufanya kusudi. Apa tu yaishe. Ukisema umeharibu, nani atangoja asikie maelezo yako? Watasikia hilo moja tu. Tutafunga, tutakula nini?"

"Zaina, nilisema roho yangu nyeupe kabla sijajua. Sasa najua."

Zaina alilia. Mimi simlaumu, maana hata mimi ningelia.

Ijumaa uwanja wa Mzee Lukumani ulijaa. Mama Scholastika alikaa mbele na simu yake iliyokufa mapajani. Yunusi alisimama.

"Naapa sikuchukua hata msumari," alisema. "Hilo naapa. La pili siwezi kuapa. Simu hizi nimeziharibu mimi, kwa mikono yangu."

Kelele zikapanda. "Amekiri! Afunge!"

"Mwacheni amalize!" alifoka Mama Scholastika. "Simu ni yangu, mbona mnaungua nyie?"

Watu wakanyamaza. Yunusi akawaeleza. Kisha akavua sweta lake hapo hapo mbele yao. *Tatatata!* Watoto wakacheka. Wazee wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa na sweta la namna ile nyumbani.

Yunusi akatoa simu yake mfukoni, akachomoa laini yake, simu akampa Mama Scholastika.

"Nimeua yako, mama. Chukua hii. Wale wengine watatu nitawalipa nao, mmoja mmoja."

Mama Scholastika aliipokea bila kusema asante. Akaigeuzageuza.

"Yunusi, ulikuwa na uwezo wa kuapa, na sisi tusingejua."

"Nilikuwa nao, mama."

"Mwizi angeapa," alisema, akiwageukia watu. Kisha akamtazama tena. "Sasa unajua kazi?"

"Sasa najua."

"Jumatatu nakuletea ya kaka yangu Agapiti. Haitoi sauti. Nitakaa nikikutazama."

Mzee Lukumani akaamua kibanda kisifungwe kwanza, Jumatatu ionekane. Mama Scholastika akaja kweli, na kigoda chake mwenyewe. Alikiweka kwenye sakafu mbichi akakikalia, macho hayabanduki. Yunusi akavaa bangili. Akatoa betri. Akafungua, akashika bodi pembeni, akabadilisha spika. Alikwenda polepole kama mwanafunzi. Akarudisha betri, akabonyeza.

Kioo kikawaka.

Mama Scholastika alimpokonya simu. Akapiga namba ya binti yake aliyoijua kwa kichwa, akasubiri, akaiweka sikioni kwa mikono miwili, akaita, "Mwanangu!"

"Haloo, mama? Ni wewe?"

Sauti ilijaa chumba kizima. Zaina aliacha kushona. Mama Scholastika hakumjibu binti yake kwanza. Alitoka nje mbio, peku, simu juu mkononi, akipaza sauti hadi sokoni:

"Lukumani! Mzee Lukumani! Njoo usikie! Inaongea!"