Alama Nne za Wening katika Daftari la Seva

Asubuhi hiyo ya Jumatatu, ofisini mwa shule moja ya mjini Salatiga, Indonesia, walikuwapo watu wanne: Bu (yaani Bibi) Ratmi, mwalimu mkuu; Pak (yaani Bwana) Darmaji, mwalimu wa kompyuta; Galih wa darasa la nane, aliyekuwa akifagia; na Wening, mwanafunzi mwenzake wa miaka kumi na mitatu, aliyekuja kutia sahihi daftari la zamu kama afanyavyo kila siku kabla ya kengele.

"Mtihani wa hesabu wa darasa la tisa ulikuwa na kosa," alisema Bu Ratmi. "Nimelirekebisha. Nataka nakala tisini na sita kabla ya saa moja na nusu." Akabonyeza kitufe cha kuchapa.

Printa mpya iliyokuwa kando ya dirisha haikutikisika. Chini ya meza, seva ya kwanza, ile kompyuta iliyopokea kazi zote za shule na kuzituma kwenye printa, ilitoa harufu ya plastiki inayoungua. Taa yake ikazimika.

"Msihofu," alisema Pak Darmaji. "Ndiyo maana tulifunga seva ya pili. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inashika kazi yenyewe."

Kweli, taa ya seva ya pili ilikuwa ya kijani, na baada ya dakika chache kioo chake kikaonyesha kuwa kazi inaendelea kuchapwa. Hata hivyo, hakuna karatasi iliyotoka.

Pak Darmaji alifungua daftari la zamu, palipowekwa alama ya jaribio la seva ya pili kila Ijumaa. Ijumaa nne zilizopita, alama nne za vema. "Wening ameijaribu, ikafanya kazi. Basi seva ni nzima. Ubovu uko kwenye nyaya." Akaingia chini ya meza na tochi.

"Wening akiandika, imeandikwa!" Galih alicheka. "Mtu anapiga mstari kwa rula hata kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa!"

Wening hakucheka. Jaribio la Ijumaa lilikuwa kuzima seva ya kwanza, kutuma ukurasa mmoja na kusubiri mpaka utoke. Lilichukua dakika ishirini, saa ileile ya mazoezi ya gamelan, bendi ya ala za kugonga, na mpigaji aliyechelewa alinyang'anywa saron yake, ala ya vipande vya chuma. Kwa hiyo Ijumaa zote nne alitazama taa ya kijani, akaweka alama, akakimbilia mazoezini.

Saa moja na dakika tano. Saa moja na dakika kumi. Pak Darmaji alichomoa waya mzima, akachomoa mwingine mzima. Alikuwa akitafuta pasipo na ubovu, kwa sababu aliziamini zile alama.

"Pak," Wening alisema. "Sikuijaribu."

"Hukujaribu nini?"

"Seva ya pili. Wiki zote nne. Nilitazama taa tu."

Ufagio wa Galih ulisimama. Pak Darmaji alitoka chini ya meza, vumbi limemjaa masharubuni. Hakufoka. "Mara ya mwisho kuona karatasi ikitoka ilikuwa lini, mwanangu?"

"Kabla printa mpya haijaletwa."

"Ala! Basi bado inatuma kwenye ile ya zamani!"

"Na ya zamani tuliipeleka wapi?" aliuliza Bu Ratmi.

"Duka la shule!" Wening alikwisha fika mlangoni.

Dirishani mwa duka, wanafunzi wanane walipanga foleni ya tempe za kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa. Nyuma ya Dada Tutik, muuzaji, printa ya zamani ilikuwa ikitema karatasi.

"Sijui nani kaniletea neema hii," Dada Tutik alikuwa akisema. "Miwani nimeisahau, sioni kilichoandikwa, lakini kwa kufungia tempe zinafaa!" Alimnyooshea mvulana wa darasa la tisa tempe iliyofungwa.

"Dada Tutik, usimpe!" Wening aliipokonya, mafuta ya moto yakimchoma kiganja.

"We mtoto, njaa gani hiyo?"

Bu Ratmi alizihesabu karatasi mwenyewe: tisini na sita, moja ikiwa na mafuta. Hakuna aliyezisoma. Saa moja na nusu mtihani ulianza.

Saa nne Bu Ratmi aliwakusanya wanafunzi wote wa zamu. "Kila alama daftarini ni ahadi kwamba umeona kwa macho yako," alisema. "Leo Pak Darmaji alipotezwa na alama za uongo. Wening amekosa, na nashukuru amesema mapema. Angesita dakika moja zaidi, mtihani ungekuwa mikononi mwa watahiniwa."

Wening aliinamisha kichwa, akikishika kiganja chake kilichoungua.

"Uamuzi wetu ni huu. Kuanzia Ijumaa hii hatupokei alama ya vema. Aliyejaribu seva atabandika daftarini ukurasa wenyewe uliotoka kwenye printa, wenye tarehe na saa. Na kwa muhula huu mzima, jaribio hilo ni la Wening. Mwalimu wa gamelan ameshaarifiwa: saron itapigwa na mwingine."