Kiti cha Galal

Maganda ya mbegu za tikiti yalikuwa yamelala chini ya kiti ambacho hakikukaliwa na mtu.

Bi Enayat aliyaona taa zilipowashwa kwa mapumziko. Kwanza alidhani ni uchafu wa onyesho lililotangulia, akainama kuyatazama. Yalikuwa bado yamelowa mate. Na ule mfuko wa mbegu alioupachika kwa mkono wake kati ya viti viwili ulikuwa umepungua nusu.

Ngoja niwaambie habari za kiti chenyewe. Miaka thelathini na mmoja, kila Jumatatu saa tisa alasiri, Bi Enayat na mumewe Galal walikuwa wakienda sinema ya mtaani kwao, Shubra. Wako watu Kairo ambao raha yao ni kucheza dhumna, wengine ni kupunga upepo mtoni. Hawa wawili raha yao ilikuwa pale taa zinapozimika na watu wote kunyamaza kwa pamoja. Filamu iwe nzuri, iwe upuuzi mtupu, walikwenda. Galal, fundi viatu, alitundika koti lake mgongoni mwa kiti kisikaliwe, akaenda kuleta chai na mbegu. Kisha akakaa kumbangulia mkewe. Yeye mwenyewe hali! Alibangua kwa meno, maganda chini, kiini akamwekea mkewe kiganjani, kimoja kimoja, mpaka filamu inakwisha. Bi Enayat hakuwahi kujibangulia mbegu tangu aolewe. Alidekezwa, tena alidekezwa haswa.

Galal akafa. Bi Enayat alipotoka eda, Jumatatu ya kwanza tu, alikata tiketi mbili, akalitundika koti pale pale. Mifuko ya koti hakuwahi kuigusa; moyo ulimkataa. Na kila aliyechelewa akauliza, "Mama, kiti hiki kina mtu?" yeye alijibu, "Kina mtu."

Mzee Zaki, mwenye tochi ya kuwaonyesha watu viti, alimsikia.

"Bi Enayat, usiseme hivyo. Sema umekilipia, sema miguu inakuuma, sema lolote. Lakini usiseme gizani kuwa kiti kitupu kina mtu. Wapo wanaosikia."

"Wewe mulika tochi yako, Zaki. Ya ndoa yangu niachie mwenyewe."

Ndipo yakaja maganda. Jumatatu iliyofuata ikaja harufu, gundi ya viatu na ngozi, harufu ya Galal kabisa, ila chini yake kulikuwa na udongo uliolowa. Jumatatu ya tatu kiti, ambacho hujikunja kikiwa hakina mkaaji, kilishuka taratibu kikilia bawaba. Kikatulia hivyo, kimebeba uzito. Na katikati ya filamu, watu wote wakimkodolea macho bi harusi kwenye pazia, sauti ikapita sikioni mwa Bi Enayat, ya baridi, karibu mno.

"Nunu. Niliko kuna baridi. Nipeleke nyumbani."

Nunu! Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na papo hapo akafurahi, na hakujua aone aibu kwa lipi. Jioni ile alitandika kitanda pande zote mbili.

Jumatatu ya nne Mzee Zaki alimsubiri mlangoni, uso umempauka.

"Wiki iliyopita nilikimulika kiti cha mumeo," alinong'ona. "Mwanga ulifika pale ukaishia. Haukupita, dada yangu. Nifuate."

Akampeleka uchochoroni kwa Sheikha Bahiga, mganga wa kupunga majini, bibi mnene aliyekuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Anabangua mbegu?"

"Anabangua."

"Wewe umekula ngapi?"

Bi Enayat alikitazama kiganja chake. "Hata moja."

"Mume aliyekubangulia miaka thelathini na mmoja, afe ndipo awe mchoyo? Huyo si Galal, mwanangu. Huyo ni mlaji. Ulisema kiti kina mtu, naye akaja kukaa. Akivuka kizingiti chako hatoki, na wewe mwaka huumalizi. Ulimfungulia kwa ulimi, mfungie kwa ulimi. Ukiulizwa leo, sema hakina mtu. Sema naye asikie."

Siku hiyo ilikuwa filamu ya kuchekesha. Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka, na ndani ya vicheko hivyo Bi Enayat alisikia bawaba ikilia, kisha gundi ya viatu, kisha udongo, kisha ganda la kwanza likidondoka, na la pili, na la tatu, haraka haraka kama mtu anayekimbizana na muda, na baridi ikamtambaa kutoka kiwiko mpaka bega, na vidole ambavyo hakuviona vikamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, kwa namna ya kuomba tu, na sauti ikasema, "Nunu, leo twende wote."

Tochi ya Zaki ikamulika. Binti mmoja alikuwa amesimama njiani na tiketi yake.

"Mama, samahani. Kiti hiki kina mtu?"

"Usiseme, Nunu," ilinong'ona sauti. "Usiseme."

"Hakina," alisema Bi Enayat, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Hakina mtu! Mume wangu amekufa. Hakina mtu."

Kiti kikajikunja kwa kishindo. Harufu ikakatika. Binti aliruka, kisha akacheka kwa woga, akakishusha na kukaa.

"Koti lako, Mama."

Bi Enayat alilipakata. Mkono ulikuwa bado na baridi, na bila kufikiri akaingiza mikono mifukoni apate joto, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mifuko ilikuwa imejaa viini vya mbegu.

Vyote vizima, visafi, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Vya chini vilikuwa vimekauka, vya wiki zilizopita. Vya juu vilikuwa bado vina unyevu. Galal alikuwa akimwekea. Mkewe alikuwa ameacha kukinga kiganja, basi akamwekea mfukoni.

Ukumbi ulikuwa ukicheka. Bi Enayat alimshika binti wa watu mkono.

"Mwanangu, inuka," alisema. "Nakuomba, inuka. Kiti hiki kina mtu."

Binti alimtazama, akaona machozi, akainuka bila neno. Kiti kikajikunja. Bi Enayat akakinga kiganja chake gizani, akasema tena, kisha tena, kina mtu, kina mtu, mpaka filamu ikaisha na Zaki akawasha taa. Kiti hakikushuka.