Kijiti Kilichotoka Safi

Ukikoroga damu ya ng'ombe, nyuzi zake hujishika kwenye kijiti. Hata mtoto wa Kimulot anajua hivyo. Siku hiyo Rebeccah alikoroga mpaka mkono ukamuuma, na kijiti kikatoka safi.

"Bethwel," alimwita mwanawe kwa sauti ya chini, "hii damu haina nyuzi."

"Koroga tu, mama. Janeffer amezaa jana, amepoteza damu mingi. Lazima akunywe apate nguvu."

Mjinga yule! Alijua alichofanya. Miezi sita nyuma aliokota kichuma kwenye mashine mbovu zilizotupwa karibu na kiwanda cha chai, kichuma chenye joto mchana na usiku bila moto. Alama ya fuvu aliiona, akaipuuza. Na baridi ya huku unaijua. Akakiweka chini ya kitanda cha mke wake mjamzito, na Janeffer alipoanza kutapika, akakihamishia zizini kiwapashe ndama joto.

Sasa fahali waliyemtoboa mshipa wa shingo kwa mshale kukinga damu hiyo alikuwa amefunguliwa kamba, lakini tundu la mshale bado lilimwaga damu. Zizi likanuka chuma kilichoungua. Kichuma kikavuma pale kwenye nyasi. Halafu fahali akafungua mdomo, akaongea.

"Nimeshaingia kwenye damu. Nitoeni, kama mnaweza."

"Uuui! Mama, kimbia!"

Fahali akamkandamiza Bethwel ukutani, mara moja, mara mbili, pembe ikazama tumboni na kutoka na matumbo yake, na Rebeccah hakukimbia, alishika shoka akakata shingo, akakata uso, akakata huku akilia jina la mwanawe, mpaka wote wawili wakalala chini, na damu yao ikateremka hadi kwenye majani chai, na jioni ilikuwa bado maji maji, haijaganda hata tone.

Mchungaji Mageto aliomba siku tatu. Watu wa serikali wakaja na kamashine kanakolialia, wakafungia kile kichuma kwenye sanduku zito, wakaenda nacho.

"Jini limetoka, mama," Mageto alisema. Rebeccah aliamini, maana amebaki na nani mwingine, kama si yule mjukuu?

Wiki ikaisha. Asubuhi moja Janeffer akamwita kutoka kitandani.

"Mama, kuja uone. Mtoto amejikwaruza na kaukucha tu, na damu inatoka tangu jana."

Shuka lilikuwa limelowa. Rebeccah akakinga damu kwenye kijiko, akachukua kijiti cha kiberiti, akakoroga. Akakoroga sana, akiomba.

Kijiti kikatoka safi.