Kijiko cha Kimea katika Uji wa Kindness

Kila asubuhi Veronika alimpikia uji mwanawe mdogo, Kindness. Ukiwa mzito, mtoto aliutema. Ukiongezwa maji, aliumaliza. Tumbo lilijaa, mwili ukazidi kukauka. Huko kliniki, muuguzi alisema waziwazi: uzito ukishuka tena, mtoto atalazwa.

Baba wa mtoto, Ebenezeri, alishuka Moshi mjini. Alirudi na kopo la "unga wa nguvu". Biashara ilikuwa imeachwa huria, na kila mwenye mdomo alikuwa mfanyabiashara! Unga ule ulikuwa wanga mtupu uliotiwa rangi.

Jirani yao Eunike aliuonja, akatema. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha bia.

"Wamewauzia vumbi! Wanakula kwa njaa ya mtoto, hawana haya! Na nyinyi mna ulezi ndani. Uloweke, uote, uanike, usage. Hicho ni kimea. Tia kijiko kwenye uji mzito."

Ebenezeri aliruka. "Kimea cha kupikia mbege, pombe ya ndizi? Mimi ni mzee wa kanisa! Mwanangu hanywi pombe."

"Mbege ina maji pia, shemeji. Umeacha maji?"

Veronika alicheka. Mumewe hakucheka.

"Pombe huja ikichachuka," Eunike alisema. "Huu uji unaliwa papo hapo. Ndani ya kimea mna vichocheo. Kichocheo huharakisha kazi, chenyewe kisiishe. Hiki hukata wanga vipande vidogo, uji ukalainika bila maji. Kiwandani tulifanya hivyo kwa mapipa makubwa. Hata viwanda vya mbolea vina vichocheo vyao, vya chuma. Bila hivyo kazi ingekwenda polepole mno."

Ebenezeri alimtazama mtoto, akamletea Veronika ulezi.

Kimea kilipokuwa tayari, Veronika alikichemsha pamoja na unga, kama alivyozoea kupika mso, uji wa kimea unaotiwa kwenye mbege. Uji wa mtoto ukabaki mzito.

"Si nilisema?" Ebenezeri alifoka.

Eunike alichungulia sufuria. "Umekiua! Kichocheo hiki hufa kwa moto mkali. Pika uji kwanza, uipue. Ukipoa ukawa vuguvugu, ndipo utie kimea."

Wakapika upya. Mwiko ulikuwa umesimama wima katika uji. Veronika akatia kimea, akakoroga, akangoja kidogo. Mwiko ukalala.

"Sasa uchemshe tena, vijidudu vife," Eunike alisema. "Kimea kimeshamaliza kazi yake."

Kindness alikula bakuli zima, akalia apewe tena.

Mwezi uliofuata uzito ulipanda. Jumapili, baada ya ibada, Ebenezeri aliwaeleza wazazi wenzake nje ya kanisa jinsi ya kutumia kimea.

"Mzee wa kanisa anafundisha pombe!" mmoja alidakia.

Ebenezeri alimgeukia kwa hasira.

"Tulikaa na ulezi ndani, mtoto akanyauka mbele ya macho yetu. Aibu ya kanisa ni hiyo! Nani mwingine ana mtoto anayekunywa maji yanayoitwa uji?"

Mikono ya akina mama ikaanza kuinuka.