Nilimtoa Perusi, Nikabaki na Mabati

Nina miaka hamsini na minne. Ni mjane, nalima mihogo, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu huku Suguti, Musoma Vijijini. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na juu ina mabati. Ukipita barabarani utasema, huyu mama maisha yamemnyookea! Laiti ungejua, ndugu msomaji… Nimenyamaza miaka mingi, leo naomba mnisikilize.

Mume wangu alifariki kwa homa wakati kuta zimefika usawa wa kupaua. Aliniachia binti mmoja tu, Perusi, mwenye miaka minane. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni unapanga foleni na kanga moja unaivaa mpaka inapitisha mwanga. Mabati ndiyo usiseme! Yalikuja kijijini kwa mgao, tena kwa kibali.

Mimi na mwanangu tukawa tunalala katika jiko letu la nyasi, kuta zinanyeshewa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Wenzangu niliouza nao samaki ziwani walinitania, "Mama Perusi, nyumba yako utaiezeka kwa mawingu?" Nilicheka nao, lakini iliniuma sana.

Siku mgao ulipokuja nilifika ofisi ya kijiji kabla haijafunguliwa. Pesa nilikuwa nayo, yangu mwenyewe, ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, niliowakausha na kuuza. Katibu akaniuliza mkuu wa kaya ni nani. Nikamwambia yuko kaburini. "Basi mama tafuta aliye hai," akasema, "hapa tunaandikaga wanaume."

Nikamwendea Magesa, mdogo wake marehemu. Wala hakusita. "Shemeji, ni jina tu hilo, usiwaze," akaniambia. Akaweka sahihi, karatasi ikabaki kwake. Hata kupigilia misumari alipigilia yeye. Nilimchinjia jogoo! Nilimshukuru mbele ya watu wote… mjinga mimi.

Tukaishi vizuri. Perusi akamaliza darasa la saba, na alipofika miaka kumi na minane akaenda Musoma kujifunza ushonaji kwenye kituo cha kanisa. Alinishonea gauni la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nililivaa kanisani hivyo hivyo kwa maringo.

Jumapili moja tukitoka ibadani Magesa akanifuata mpaka nyumbani. Akasema mwanawe wa kiume anataka kuoa na yeye hana ng'ombe wa mahari. Kuna mzee wa Guta, mwenye wake wawili, anamtaka Perusi. Nikacheka, nikidhani ni utani wa shemeji. Hakucheka.

"Mimi siombi, shemeji," akasema. "Karatasi ya bati iko kwangu. Ukikataa nakuja na nyundo, nang'oa moja moja. Wewe utabaki na kuta zako."

Nilikimbilia kwa katibu. Akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole jina la Magesa. "Ungesemaga siku ile, mama." Nikaenda kwa mzee wa kanisa. Akaniombea, akanisindikiza hadi njiani, basi. Niende wapi? Kwetu wazazi walishakufa. Kiwanja ni cha ukoo wa mume, kukiuza siwezi, na nyumba haibebeki kichwani. Nilijiona kama kuku aliyefungwa mguu, nazunguka palepale.

Lakini leo nimesema nitasema kweli. Nyasi zilikuwepo! Kule bondeni zilijaa, ningekata na kuezeka kwa wiki mbili. Sikutaka. Nilishazoea kuitwa mama wa nyumba ya bati. Niliona aibu wenzangu wanione nimerudi kwenye nyasi, wanicheke tena. Kwa aibu hiyo tu, wapendwa, nikapanda gari kwenda Musoma kumfuata mwanangu.

Perusi alikataa. Akalia, akasema bado miezi michache tu apate cheti. Ndipo nikafanya jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji… Nilimpigia magoti. Mimi, mama yake, nilipiga magoti mbele ya binti niliyemzaa, katikati ya vyerehani, wenzake wakitutazama.

"Mama, unanitoa kwa bati?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Mwanangu, nitalala wapi?"

Akakunja kitambaa alichokuwa anakishona, akampa mwenzake, tukaondoka.

Ng'ombe walipitia kwa Magesa, wakaenda kumwolea mwanawe. Mimi sikupata hata ndama, wala sikumtaka. Perusi akawa mke wa tatu huko Guta, kazi yake kupalilia pamba ya mzee. Cherehani hajakigusa tena.

Haikupita miaka mingi, biashara ikafunguliwa. Nilikwenda Bunda kununua mbegu, nikapita Kabasa. Nikaona mabati yamepangwa nje ya duka mpaka mlangoni! Mama mmoja kijana kunizidi anahesabiwa ya kwake, yanapakiwa kwenye mkokoteni. Hakuna aliyemuuliza mume. Nikamwuliza mwenye duka kibali kinapatikana wapi. Akacheka. "Kibali cha nini, mama? Leta hela, beba bati." Nilikaa chini palepale, watu wakadhani nina malaria.

Nilijibana mpaka nikapata ya kununua mapya. Nikaenda kwa Magesa, nikamwambia aje na nyundo yake, achukue mali yake anirudishie amani yangu. Mnajua alinijibu nini? "Shemeji, yale si yameshaota kutu? Nitayapeleka wapi? Kaa nayo tu." Akaingia ndani, akatoka na ile karatasi, akanipa bure!

Perusi huja kuniona mara moja moja na wanawe. Watoto hukimbilia ndani, yeye hukaa uani kwenye kigoda. Mwaka huu mvua ilimkuta pale. Nikamwita, "Perusi, ingia ndani, mama." Akasema taratibu, "Acha tu, mama, nimezoea." Akajifunika kanga kichwani, akanyeshewa mpaka mvua ikakatika. Mimi nilisimama mlangoni, mkavu.

Wanawake wenzangu, nawasihi! Mnapojenga, andikeni majina yenu wenyewe, hata wakiwacheka, hata wakiwazungusha mwaka mzima. Na akija mtu kukutisha na nyundo, mwache ang'oe. Kata nyasi, ezeka, lala humo na mwanao. Mimi sikufanya hivyo, na ndiyo maana nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja.