Balbu ya Breki ya Mzee Jamleck

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mwanamke aitwaye Philister aligongwa na gari kwenye kivukio karibu na maduka ya Kileleshwa. Alikuwa yaya katika nyumba moja ya pale, akitoka kununua maziwa. Alifariki hospitalini saa tisa alasiri, kabla dada yake hajafika kutoka Siaya.

Sajenti Nzula Kavindu alikabidhiwa faili Ijumaa asubuhi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa wiki nzima ya kusimama barabarani, na alilisoma faili akiwa amevua viatu chini ya meza.

Lilikuwa faili jepesi. Mzee Jamleck Maina, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mitatu, alikuwa amesimamisha stesheni wagoni yake ya mwaka 1986 ili Philister avuke. Pikapu iliyoendeshwa na Jeremy Waweru ikaligonga gari la mzee kwa nyuma, likasukumwa mbele na kumkumba yule mama. Jeremy aliandika kwamba taa za breki za mzee hazikuwaka, kwa hivyo hakujua gari linasimama. Aliongeza kuwa baada ya ajali alibaki kando ya pikapu yake hadi polisi walipofika, saa moja na dakika kumi. Makonstebo walimwambia mzee akanyage breki mbele yao. Taa hazikuwaka. Mkubwa wa kituo alitaka mzee afikishwe kortini Jumatatu.

Nzula alianza na mzee mwenyewe, nyumbani kwake Kileleshwa. Wanjugu, mkewe, alileta chai ambayo mumewe hakuigusa. Mzee alieleza kwamba taa hizo zilikuwa zimemsumbua mwezi mzima, leo zinawaka, kesho hazijulikani. Jumanne alilipeleka gari Ngara kwa fundi aitwaye Kitheka. Jumatano jioni Wanjugu alisimama nyuma ya gari, yeye akakanyaga breki, zikawaka zote mbili. Ya Alhamisi hakuyajua.

Nzula akamwuliza yaliyofuata baada ya kugongwa. Mzee alisema kichwa kilikuwa kinamzunguka, watu wakamtoa na kumketisha ukingoni mwa barabara. Kijana wa pikapu alimletea maji, kisha akaenda kumwokotea miwani iliyokuwa imeangukia chini ya usukani.

"Ni kijana mzuri, msimsumbue," alisema. "Gari ni kuukuu na mwenyewe ni kuukuu. Andika kosa, nitie sahihi, tumalize."

"Mwalimu, usiniharakishe," Nzula alimjibu, akayaandika maneno ya mzee kwenye daftari kama yalivyo.

Kufikia saa sita alikuwa Ngara. Kitheka alipoona sare alisema hajui gari kama hilo. Nzula hakubishana. Alivuta kiti, akaketi, akamwambia kwamba mtu amekufa na kwamba yeye hana haraka. Baada ya muda fundi akaanza kuongea.

Alikuwa amebadilisha balbu zote mbili kwanza, kisha akakagua fyuzi, ikawa nzima. Shida ilikuwa swichi ya breki, ile inayokaa juu ya kanyagio. Akafunga nyingine.

"Mpya?" Nzula aliuliza.

Kitheka alitazama mikono yake. "Nilimwambia mzee ni mpya. Ilikuwa imetolewa kwa gari ingine, Afande. Lakini ilikuwa inafanya kazi, naapa."

Nzula alimpeleka kituoni. Njiani alijiambia kwamba mambo yameisha: swichi kuukuu imekufa, fundi mwongo, mzee asiye na hatia, na mtoto wa watu mochari. Hakufurahia.

Saa nane mchana walisimama mbele ya lile gari la mzee, uani mwa kituo. Nyuma kulikuwa kumekunjamana. Taa ya kushoto ilikuwa imepondeka kabisa, ya kulia ilikuwa imesalimika. Nzula alikanyaga breki. Hakuna kitu. Fyuzi ilikuwa nzima. Kitheka akalala chali chini ya usukani na tochi, akafuata waya mmoja mmoja.

"Swichi haina shida," alisema hatimaye. "Plagi yake ya waya imechomolewa."

Nzula alidhani labda ni kwa kishindo cha ajali. Fundi alimwonyesha: plagi ina vikono viwili, na haitoki mpaka uvibane kwa vidole. Vikono vilikuwa vizima. Akaichomeka tena, na taa ya kulia ikawaka.

Sasa swali likawa moja tu. Ilichomolewa kabla ya ajali au baada yake? Kama ni kabla, Jeremy alisema kweli. Nzula alimwambia Kitheka aitoe ile balbu, akainyanyua juani.

Miaka mingi nyuma alikuwa amepelekwa kozi ya uchunguzi wa ajali, na hili hakulisahau. Balbu ya aina ile ina nyuzi mbili, mmoja wa taa ya kawaida, mwingine wa breki. Uzi baridi ukipata kishindo hubaki ulivyo au hukatika. Uzi unaowaka huwa laini, ukipata kishindo hunyooka na kulegea. Wa taa ya kawaida ulikuwa umejikunja vizuri, kwa kuwa kulikuwa kumekucha na mzee hakuwa amewasha taa. Wa breki ulikuwa umevutika na kupinda upande. Na balbu ilikuwa ya siku mbili tu.

Taa za breki zilikuwa zinawaka gari lilipogongwa.

Alimkuta Jeremy katikati ya jiji, kwenye duka la magari alikokuwa muuzaji, saa kumi na nusu. Alimwuliza kama alilikaribia gari la mzee baada ya ajali. Jeremy alisema hapana, kama alivyoandika. Nzula akaiweka balbu mezani, akamweleza habari za nyuzi polepole. Kisha akamsomea maneno ya mzee kutoka kwenye daftari, kuhusu kijana mzuri aliyemwokotea miwani chini ya usukani.

Jeremy aliigusa balbu kwa kidole.

"Niliinama kuchukua miwani tu," alisema. "Kweli. Nikaona plagi pale juu ya kanyagio. Mimi huuza magari, naijua. Mkono ulienda wenyewe."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa nasoma ujumbe kwa simu. Mke wangu aliniuliza kama nimefika." Alijipangusa uso. "Mama alikuwa bado anapumua, Madam. Nilidhani atapona. Nilidhani mzee atatozwa faini tu, yaishe."

Nzula aliichukua balbu mezani. Alimfunga pingu, akateremka naye ngazi kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika.

Jumamosi asubuhi alirudi Kileleshwa kumwarifu mzee. Alitarajia labda ashukuru, au alie. Mzee Jamleck alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Philister alikuwa na watoto. Nzula alimwambia wawili, wako kwa bibi yao.

"Kuna kitu sikukwambia," mzee alisema. "Niliona nikikisema itaonekana najitetea. Nilipomsimamishia gari, aliniangalia, akaniinulia mkono kunishukuru. Alikuwa bado ameuinua pikapu iliponigonga."

Wanjugu akaja, akaketi karibu na mumewe. Nzula alibaki kitini mwake kwa muda, ingawa hakuwa na swali jingine la kuuliza.